Kivuli Nilichopewa

Kaka yangu aliponipa ile kona ya nyuma ya jikoni, alinipa kwa sababu haikumfaa. Mahindi hayakuota pale. Maharagwe yalirefuka yakitafuta jua, kisha yakalala chini bila kuzaa. Palikuwa na mparachichi mzee uliopandwa na baba, na grevilea mbili ndefu, na chini ya miti hiyo udongo ulikuwa wa baridi hata saa sita mchana. Baba alikuwa amefariki mwaka mmoja nyuma, na kaka, mwana wa kiume wa pekee, alikuwa akizunguka shamba akionyesha hapa patakuwa nini na pale patakuwa nini. Nikamuuliza, nusu mzaha, mimi sehemu yangu ni ipi. Akacheka, akaelekeza kidole kwenye kona ile.

"Hapo ni pako," akasema. "Panda chenye unataka."

Nadhani yeye aliyasahau maneno hayo kabla hatujafika mlangoni. Mimi sikuyasahau. Mimi sikuolewa. Mbuzi za ntheo, ambazo kwetu Ukambani zikishapokelewa ndipo msichana huhesabiwa kuwa ameondoka kwao, hazikuwahi kuletwa kwa ajili yangu. Kwa mila, basi, mimi bado ni wa nyumba ya baba, ila ni wa nyumba hiyo nisiye na mahali pa kuketi. Chumba nilicholala utotoni kiligeuzwa stoo ya magunia. Kitanda changu kilienda kwa watoto wa kaka. Ninafanya kazi Syokimau, katika ofisi ya bohari moja, na nimepanga nyumba ghorofa ya nne, ambako jirani simjui ila kwa mlio wa viatu vyake. Kwa hiyo nilipoambiwa hapo ni pako, niliyapokea maneno yale kwa mikono miwili.

Mmea wenyewe niliupata barabarani. Tingatinga lilikuwa likipanua njia ya kupanda vilima vya Iveti, na ukingo wa msitu ulikuwa umekatwa kama mkate. Nilikuwa natoka kanisani, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Katika udongo ulioporomoka nikaona jani moja limesimama juu ya shina moja, limegawanyika vidole kulizunguka shina, mfano wa mwavuli uliobaki mbavu. Chini yake kulikuwa na ua la kijani lenye mistari myeupe, limejikunja na kujifunika kichwa kwa kofia yake lenyewe. Sikuwa nimeona ua lenye haya namna ile. Nikapiga magoti na nguo ya Jumapili, nikachimba kwa vidole, nikatia viazi vyake kadhaa mkobani kando ya Biblia. Dereva wa tingatinga alizima mashine akanitazama mpaka nilipomaliza. Sijui alinidhania nini.

Mama alipoliona alisema ni ua la nyoka, nisiliingize nyumbani. Kaka akasema ni nduma iliyolaaniwa. Katika hilo hakukosea sana, kwa maana ni ndugu wa nduma, na ukionja kiazi chake kibichi ulimi utakuwasha mpaka jioni. Najua kwa sababu nilionja. Mbuzi wetu, ambao hutafuna hata kamba za kuanikia nguo, waliunusa wakaenda zao. Hilo lilinipa moyo.

Mwaka wa kwanza niliiua karibu yote kwa kuipenda. Mwezi wa saba majani yaligeuka manjano, yakalala, yakaisha kabisa, nami nikadhani ni kiu. Kila nilipofika nyumbani nilibeba mtungi wa maji kutoka kisimani nikamwagilia udongo mtupu. Nilipofukua mwezi wa tisa nikakuta viazi vimekuwa uji. Kaka alicheka mpaka akashika ukuta. Nilibakiwa na viwili, na ni hivyo viwili vilivyonifundisha. Mmea huu hutoka mvua za masika zikishalainisha udongo, huchanua, na ukibahatika hukaza tunda jekundu lililoshonana punje kama gunzi la mahindi. Baridi ya Julai ikiingia hujificha chini, na tangu hapo mpaka masika mengine hautaki chochote kutoka kwako. Hautaki maji, hautaki jembe, hautaki hata kutembelewa. Unachotaka ni kivuli juu yake na kuachwa.

Nikajifunza kuuacha. Mimi ni mtu wa hasira za karibu na kuacha kitu hakukuwa kazi yangu, lakini nilijifunza. Nilirundika majani ya grevilea yaliyooza, nikachanganya na mchanga wa mtoni ili maji yasituame, nikainua tuta kidogo kama tunavyofanya kwenye matuta ya kuzuia mmomonyoko. Mahali kila kiazi kilipolala nilisimika kijiti. Mtu angepita angedhani ni makaburi ya vifaranga.

Mke wa kaka ndiye aliyekuwa wa kwanza kuja kunitazama bila kucheka. Wifi yangu huyu aliletwa pale akiwa msichana mwembamba asiyesema, na kwa miaka mingi mazungumzo yetu yalikuwa ya chumvi na sufuria. Lakini nilipokuwa nimepiga magoti chini ya mparachichi alianza kuja na kikombe cha chai, akakaa juu ya mzizi, na maneno yakatoka. Aliniambia mambo ambayo hakumwambia mumewe. Nami nilimwambia yangu, hata yale ya mwanamume aliyesema ataleta mbuzi na hakuzileta. Kuku walipoanza kupekua tuta, ni yeye aliyekata matawi ya miiba akazungushia. Jumapili baada ya ibada, nikiwa Syokimau, alikuwa akinitumia picha kwenye simu na maneno yaleyale: watoto wako wanakusalimia. Nilikuwa nikizisubiri picha hizo. Sioni aibu kusema hivyo.

Mwaka jana masika yalikuwa mazuri, na kona ilijaa. Ilijaa toka mzizi hadi mzizi, miavuli juu ya miavuli, na chini yake kofia za kijani zimeinama kila upande. Pasaka nililala nyumbani, kwenye godoro sebuleni, na asubuhi nilitoka na shuka begani nikasimama pale kabla ya mtu yeyote kuamka. Niliona kwamba nina kitu nyumbani. Si kikubwa, lakini mtu angetaka kujua mimi nimekaa wapi katika boma hili, ningeweza kumshika mkono nikampeleka.

Pasaka hiyohiyo tuliambiwa kwamba binti mkubwa wa kaka amepata mchumba, na kwamba watu wake wataleta ntheo Agosti, shule zikifungwa. Nilifurahi kwa dhati. Mtoto huyo nilimbeba mgongoni. Kama shangazi nilijua nitakuwa na kazi zangu, nikaanza kuulizia vitambaa vya sare. Kisha kazini wakabadilisha zamu, nikawa nashikwa kila mwisho wa wiki, na tangu Mei sikuweza kufika nyumbani. Wifi akasema nisijali, yeye yuko. Picha za Jumapili hazikukatika.

Juni picha zilikuwa nzuri. Julai ilipoanza bado zilikuwa nzuri, na hapo ningepaswa kushtuka, lakini anayependa hujitafutia sababu. Nilijiambia labda mwaka huu ukungu wa mlimani umekuwa mwingi, labda mmea umezeeka ukapata nguvu. Niliwaonyesha wenzangu ofisini nikiringa. Nilimwandikia wifi kwamba huu ni muujiza, akanijibu kwamba Mungu hana majira.

Jumapili ya mwisho ya Julai nilipata ua lililofunguka vizuri, limesimama kama la Aprili. Juu ya kofia yake alikuwa ametua nzi. Nilikuwa nakunywa chai, sina haraka, nikairudia picha ya wiki mbili nyuma. Nzi alikuwa palepale, kwenye mstari uleule mweupe, mguu mmoja ameuinua. Nikaziweka kando kwa kando. Chai ilipoa.

Nikampigia mama, nikamuuliza maua yangu yanaendeleaje.

"Mwiitu wakwa," akasema, "binti yangu, maua yako iko sawa. Umekula?"

Jumamosi iliyofuata niliomba ruhusa kazini nikaenda bila kumwambia mtu. Nilichokiona kwanza nikiwa getini ni mwanga. Palikuwa na mwanga mahali pasipostahili, na nyuma ya jikoni niliona paa la jirani, paa ambalo sikuwahi kuliona tangu nizaliwe. Nikazunguka. Mparachichi ulikuwa umekatwa, magogo yamepangwa ukutani yakisubiri kupasuliwa kuni. Grevilea zote mbili zilikuwa visiki. Matuta yangu yalikuwa yamesawazishwa, udongo umeletwa ukamwagwa juu, ukashindiliwa, na mtu alikuwa amechora mistari ya chokaa kuonyesha nguzo za mahema zitasimama wapi. Wala haikuwa kazi ya wiki hiyo. Kwenye visiki machipukizi yalikuwa yameshatoka, yenye urefu wa kiganja.

Wifi alitoka jikoni na unga mikononi. Aliponiona alisimama. Hakujaribu kusema uongo mwingine, na hilo nampa haki yake. Alisema waliikata miti mwanzoni mwa Juni, kwa kuwa athoni, yaani wakwe wanaokuja, ni watu wengi wenye magari, na mbele ya nyumba hapatoshi. Alisema kaka alikataza nisiambiwe mpaka sherehe ipite.

"Nilituma moja tu ya zamani, ile wiki walikata," akasema. "Ukaandika umefurahi. Nikaona wacha nitume ingine. Sasa ningeacha aje?"

Nilitaka kumpiga kofi. Nasema ukweli. Badala yake nikamwambia jambo ambalo nilikuwa nimelifikiria njia nzima.

"Ungenitumia udongo mtupu, wifi. Ilikuwa Julai. Ningeamini."

Alinitazama bila kuelewa, kisha akaelewa. Miaka yote ile amekaa juu ya mzizi na kikombe chake, na hakuwa ameshika hata miezi ambayo mmea unalala. Mimi nilidhani tulikuwa tukitazama kitu kimoja. Yeye alikuwa akinitazama mimi, labda kwa huruma, labda kwa kupumzika kidogo na sufuria. Hapo ndipo nilipoona kwamba hata urafiki wenyewe niliupima vibaya, na nikasikia uchungu zaidi ya ule wa miti.

Akaniambia nimfuate, kuna kitu ameniwekea. Jikoni mwetu bado kuna meko ya mawe matatu kwa ajili ya githeri, mahindi na maharagwe yanayochemka siku nzima, na maji ya kuoga, na juu yake, kwenye boriti iliyogeuka nyeusi kwa masizi, hutundikwa mbegu. Mahindi ya mbegu na mtama wa mbegu hukaa pale kwenye moshi ili wadudu wasiingie, na msimu ukifika hushushwa na kupandwa. Ndivyo alivyofanya mama yake, na mama yangu, na bibi zao. Wifi alipanda juu ya kigoda, akateremsha kiondo kidogo, akanikabidhi kwa mikono miwili. Watu wa jembe walipokuwa wakisawazisha, alikuwa amewafuata nyuma akiokota viazi vyangu kimoja kimoja. Alikuwa ameokoa karibu vyote.

Alikuwa amevikausha kwenye moshi kwa miezi miwili. Kiondo kilikuwa chepesi kana kwamba kilikuwa na maganda ya vitunguu. Nikatoa kimoja, nikakifinya, kikavunjika kama biskuti. Nikatoa kingine, vivyo hivyo. Mmea unaotaka udongo wa baridi na giza ulikuwa umetundikwa juu ya moto kwa uangalifu wote unaowezekana, na mtu aliyeutundika alikuwa amesimama mbele yangu akisubiri nimshukuru. Sikujua nifanye nini na uso wangu. Nikasema asante. Sikumwambia. Nadhani lile nalo lilikuwa uongo, lakini nilichoka kuhesabu nani amemdanganya nani.

Kaka alirudi saa kumi na gari la viti vya kukodi. Aliponikuta nimekaa juu ya kisiki alijua, akaanza kusalimia kwa sauti kubwa kama mtu anayetaka majirani washuhudie amani. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema angeniambia, akasema wakati ulikuwa mdogo, akasema mtoto wa nyumba hii anaolewa na mimi naleta habari za maua. Akasema sherehe ikipita nitapanda tena nikitaka. Nikamuuliza nitapanda chini ya nini. Nikamkumbusha siku ile baada ya msiba wa baba, alivyoninyooshea kidole, na maneno yake. Niliyarudia kama alivyoyasema.

Namjua kaka yangu, si mtu mbaya, na alipojibu hakuwa na hasira. Alikuwa ananieleza, kama mtu anavyomweleza mtoto kwa nini mwezi haushikiki.

"Nilikupea kivuli," akasema. "Sikukupea shamba."

Na miti, akaongeza, ilikuwa ya hapa nyumbani.

Nilikwenda kwa mama. Alikuwa kitandani kwake amepumzisha miguu, redio ya kanisa inasema peke yake. Nilitaka kumkuta hajui. Njia nzima nilikuwa nimeomba hivyo, kwamba alidanganywa kama mimi, kwamba aliposema maua yako iko sawa alikuwa akirudia alichoambiwa. Lakini dirisha la mama linatazama ile kona. Alikuwa amelala pale akisikia msumeno siku nzima. Akaniambia nisikasirike, ni yeye aliyewashauri wakae kimya.

"Ningekuambia ungekuja na maneno," akasema, "na athoni wako njiani."

Basi walikuwa wamekaa, watu watatu niliowapenda, wakapanga namna ya kunishughulikia. Kila mmoja alikuwa na sehemu yake: mmoja akate, mmoja atume picha, mmoja aseme kwenye simu kwamba hakuna neno. Yale niliyokuwa nikiyasubiri kila Jumapili kumbe yalikuwa dawa ya kunituliza. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda cha mama nikalia, na yeye akanipapasa mgongo, na mkono wake ulikuwa mzuri uleule wa siku zote. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko vyote.

Ntheo ikafika. Nilikwenda, kwa sababu mtoto hakuwa na kosa, na kwa sababu ningekosa ndipo wangesema, mnaona, tulijua. Nilivaa sare ya kitambaa kile nilichokitafuta mwenyewe. Athoni walifika wakiimba, na mbuzi zikaingizwa zikikokota miguu, na wanaume wa kwetu wakazitazama meno na kwato na kujifanya haziwaridhishi, kama inavyotakiwa. Binti alikuwa mzuri. Nilipiga vigelegele mpaka koo likauma, na vilikuwa vya kweli. Mahema yalisimama nyuma ya jikoni, meupe, na kiti nilichoelekezwa kilikuwa katikati kabisa, juu ya tuta langu la zamani. Hapakuwa na kivuli kingine ila cha turubai.

Baada ya chakula kaka alishika kipaza sauti kutambulisha watu wa nyumbani. Kwetu hilo halifanywi ovyo. Kila mtu husimamishwa, husemwa ni nani na yuko upande gani wa boma, ili wakwe wajue wanaungana na akina nani. Alimsimamisha mama kwanza, mwenye nyumba. Akamsimamisha mkewe, akawasimamisha wanawe, huyu anaishi kule juu karibu na barabara, huyu tunamjengea pale chini. Akawafikia majirani wa mpaka, akawataja kwa heshima. Kisha akanigeukia, akatabasamu, nami nikaanza kuinuka kabla hajasema.

"Huyu ni dada yangu," akasema. "Ametutembelea kutoka Syokimau."

Watu wakapiga makofi. Mama alipiga makofi. Wifi, aliyekuwa kwenye meza ya masufuria, alishika mwiko akatazama chini. Nikasimama wima, nikawapungia mkono kulia na kushoto kama mgeni anavyofanya, nikaketi.

Mama mmoja wa upande wa athoni, mtu mzima mwenye sauti ya upole, alikuwa amekaa kiti cha pili. Aliniinamia akasema boma letu ni zuri, lina nafasi, limefagiwa likafagika. Kisha akaniuliza, kwa kunijali kabisa, kama jioni ile nitapata gari la kunirudisha kwangu. Nikamwambia nitapata.